Mtoto wa mbwa mwenye woga



Juma lililopita tuliahidi kuongea juu ya majiko na namna ya kupunguza makala. Mtusamehe, majiko yatangoja. Siku ya posho, kwenye mkutano wetu, mama mmoja wa kikundi aliingia na kikapu, akakiweka chini katikati yetu kama mtu aliyeleta mashtaka, akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, rangi ya udongo, amejikunja hata huwezi kujua kichwa kiko upande gani. Dada mmoja akanyoosha mkono amguse. Yule mbwa akajikojolea palepale.

"Nilimchukua ili atulindie parseli," mama akasema. "Wezi wameingia kwa majirani mara mbili. Sasa huyu anaogopa watu, anaogopa mbwa wenzake, na jana ameogopa kuku. Bwana anasema nimrudishe ama nimtupe. Watoto wanalia. Mnisaidie."

Wengi walicheka, hasa kwa habari ya kuku. Sisi hatukucheka sana. Nyumbani kwetu tulipata mbwa wa namna hiyo, Bobi, na makosa tuliyomfanyia karibu tuyalipe kwa mtoto. Tuliahidi yule mama kwamba tutayaandika hapa yote, hata yale ya kutuletea haya.

Bobi alikuja kwetu akiwa na majuma nane. Bwana alimpewa na mwenzake wa kazi anayekaa Bagira. Mnajua parseli zetu za Bukavu: nyumba zimepandana kwenye kilima, mlango wa mmoja unatazama mabati ya mwingine, na kanjia kamoja kanapita katikati ya wote. Mbwa akiingia kwako, avenyu nzima imejua kabla ya jua kushuka. Siku ile watoto wa nyumba sita walijaa kwetu. Tuliona ni vizuri. Tulifikiri tunamkaribisha mgeni. Wakampokezana mkono kwa mkono, huyu anavuta sikio, yule anamwangalia meno. Alipofaulu kushuka alikimbilia nyuma ya gunia la makala, na sisi wenyewe, watu wazima, tukamvuta kwa mguu wa nyuma ili watoto waliochelewa nao wamwone.

Kesho yake tulimfunga mlangoni, pale njia inapopita, "ili azoee." Pikipiki zinapita, muuza sambaza anaita, watu wa kwaya wanashuka wakiimba. Bobi alitetemeka kutwa nzima, hakula. Tukasema atazoea. Siku ya kumi alianza kumngurumia mtoto wa jirani. Tukamchapa kandambili. Akanguruma tena, tukamchapa tena. Baada ya siku mbili akaacha kunguruma kabisa, nasi tukajisifu kwamba tumemfundisha adabu.

Siku ya tatu ya ule ukimya, mtoto wa dada yetu, miaka sita, aliinama chini ya meza Bobi akiwa anakula, akataka kumkumbatia. Hapakuwa na sauti yoyote. Tulisikia tu mtoto anapiga kelele, na damu ilikuwa mkononi.

Hapa tusimame kidogo, wamama, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko habari zote za mbwa. Mtoto akiumwa na mbwa, hata kama ni mbwa wa nyumbani, hata kama ni mdogo, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo wa sindano: osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi, mtoto atalia, wewe endelea kumwaga. Sisi tulimaliza bidoni nzima. Usipake makala, usipake majani, usipake mafuta ya gari. Halafu nenda kituo cha afya siku ileile, usingoje kesho. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla hakijaanza, kuosha na chanjo vinaokoa. Duniani kinahesabiwa kuua watu kama 59.000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na katika kila kumi, wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Watoto huinama, hukumbatia, huweka uso karibu na meno, na mara nyingi hawasemi kwamba wameumwa kwa kuogopa kupigwa. Uliza. Angalia mikono na miguu wanapooga.

Muuguzi alimpa mtoto chanjo ya kwanza siku ileile, akatupa tarehe za zile nyingine. Akatuambia tusimuue mbwa na tusimpe mtu. Tumfungie mahali pa usalama, tumwangalie kwa siku kumi, tumletee habari. Mbwa aliyekuwa na kichaa mate yake yakiwa tayari na sumu hiyo siku ya kuuma, ndani ya siku kumi ataonyesha ugonjwa na kufa. Tulizihesabu kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Dada yetu hakusema neno baya, na ingekuwa afadhali angesema. Siku ya kumi Bobi alikuwa anakula, anakunywa maji, anaogopa kama kawaida yake. Mshukuruni Mungu pamoja nasi.

Katika siku zile kumi tulimwita mganga wa wanyama. Alikaa kwenye kigoda mbali na Bobi, hakumwangalia, akatusikiliza tunavyoeleza. Halafu akauliza swali moja: "Nani alimfundisha kunyamaza?"

Tulielewa polepole. Mbwa anaponguruma anasema: niko na woga, usisogee. Ni neno lake la mwisho kabla ya meno. Sisi tulimchapa kwa ajili ya neno hilo, akajifunza kwamba kusema kunaleta kandambili. Woga ulibaki wote ndani, onyo peke yake ndilo lililoondoka. Basi mkisikia mbwa wenu ananguruma, msimpige. Mwiteni mtoto arudi nyuma, mpeni mbwa nafasi, halafu mtafute kitu gani kimemwogopesha.

Na kabla ya kunguruma kuna maneno mengine madogo ambayo sisi tulikuwa hatuyasomi. Mkia chini ya tumbo na masikio yaliyolala, hayo kila mtu anajua. Lakini anapiga miayo na hana usingizi. Analamba midomo na hakuna chakula. Anageuza kichwa pembeni ukimwinamia. Unaona weupe wa macho yake. Anaganda, hatikisiki kabisa, na watoto wanasema "ona, ametulia." Hakutulia! Kuganda ndiyo hatari kuliko zote. Tuliwafundisha watoto wetu dalili hizi kama mchezo, nani ataona kwanza, na leo wanazijua kuliko baba yao.

Mganga alitueleza pia habari ya umri, na hii ndiyo inayotufanya tuandike juma hili bila kungoja. Mtoto wa mbwa ana mlango unaofunguka mapema na kufungwa mapema. Kuanzia kama juma la tatu hadi kama la kumi na nne, kila anachokutana nacho kwa amani anakiweka upande wa vitu vya nyumbani. Baada ya hapo, kitu kipya kinaanza kuwa cha kuogopwa mpaka kithibitishe vingine. Haifai kumtoa kwa mama yake kabla ya majuma nane, kwa sababu mama na ndugu zake ndio wanaomfundisha lugha ya mbwa. Lakini ukishamchukua, una majuma kama sita tu ya kazi rahisi. Baadaye inawezekana, ila utapanda mlima.

Mwaka 1961 wachunguzi wa Marekani, huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, waliandika juu ya watoto wa mbwa waliolelewa katika uwanja wenye ukuta mrefu, wakipewa chakula bila kuona mtu. Waliwatoa kwa zamu, kila kundi kwa umri wake, wakae na watu juma moja. Waliotolewa wakiwa na majuma kati ya matano na tisa walizoea watu. Wale waliobaki ndani hadi juma la kumi na nne walikuwa kama wanyama wa porini.

Palepale Bar Harbor kulikuwa na mbwa wetu. Ndiyo, wa Kongo! Basenji, yule mbwa mdogo wa kuwinda wa misitu yetu, mwenye mkia uliojikunja, asiyebweka kama mbwa wengine, ambaye wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue yuko wapi. John Paul Scott na John Fuller walimweka pamoja na aina nyingine nne za mbwa, na mwaka 1965 walitoa kitabu kikubwa juu ya tabia zao. Watoto wa basenji wakiwa na majuma matano walikuwa na woga kuliko wenzao wa Ulaya: wakikimbia, wakilia, wakijaribu kuuma ukiwabana pembeni. Lakini waliposhikwa na kuzoeshwa, woga ule ulishuka haraka. Tuliposikia habari hii tulimwangalia Bobi na mkia wake kwa heshima mpya. Hatusemi yeye ni basenji, babu zake ni wengi mno. Tunasema tu kwamba kuzaliwa na woga hakumaanishi kuwa mbwa mbaya.

Sasa tuingie jikoni, tuseme tulivyofanya.

Kwanza tulimpa pembe. Sanduku la mbao lililolazwa, gunia ndani, nyuma ya mlango ambapo hakuna anayepita. Sheria ilikuwa moja: Bobi akiwa ndani ya sanduku, hakuna anayemgusa, hakuna anayemvuta, hata kama nyumba inaungua. (Bwana aliuliza kama kweli inaungua. Tukamwambia akili itumike.) Siku tatu za kwanza alikaa humo karibu muda wote. Siku ya nne alitoa kichwa.

Halafu tukaacha kumwendea, tukangoja aje. Hili ndilo lenyewe, wamama, na ndilo gumu, kwa sababu sisi tumezoea kumbeba mtoto anayelia na kumpeleka kwa shangazi amsalimie. Kwa mbwa mwenye woga ni kinyume. Kila unapomsogeza kwa nguvu karibu na kitu anachoogopa, unamthibitishia kwamba kitu hicho ni kibaya na kwamba wewe ni mtu wa kumtia mikononi mwake. Ukimwachia achague umbali, kesho anakuja hatua moja zaidi kwa miguu yake mwenyewe.

Mgeni akifika tunamwomba aketi, asimwangalie Bobi machoni, asimwinamie, asinyooshe mkono juu ya kichwa chake. Kukaa upande, si uso kwa uso. Tunampa mgeni vichwa vichache vya sambaza vilivyokauka, naye anavitupa chini, si karibu na miguu yake bali mbali, nyuma ya mbwa. Watu wanashangaa: kwa nini mbali? Kwa sababu ukimvuta kwa chakula mpaka mkononi, tumbo linamleta karibu kuliko moyo unavyotaka, na akimaliza kula anajikuta yuko chini ya mtu, anaogopa mara mbili. Ukitupa mbali, anakula kwa raha, anageuka, anaangalia, anakuja mwenyewe kuuliza kama kuna kingine. Mgeni wa kwanza aliyenuswa na Bobi alikuwa koko wa nyumba ya chini, kwa sababu koko haoni vizuri na hakujali kama kuna mbwa. Alikaa anachambua sombe, akimtupia kitu mara moja moja, akiongea mambo yake. Siku ya tatu Bobi alilala kwenye kivuli cha kigoda chake.

Kwa watoto tuliweka mambo machache, tukayarudia mpaka wakatuchoka. Mbwa anakula, hapana. Mbwa analala, hapana. Mbwa yuko kwenye sanduku, hapana. Hakuna kumkumbatia shingo, wala kumbusu. Ukitaka kumgusa, keti chini, mwite, na asipokuja, jibu lake ni hapana. Akija, mguse kifuani ama ubavuni mara tatu, ondoa mkono, ngoja. Akisogea anataka tena. Akigeuka ametosheka. Na mbwa yeyote njiani akikujia mbio, usikimbie, usipige kelele: simama kama mti, mikono imekunjwa, macho chini, mpaka apite. Watoto wadogo, wasiofika miaka mitano, hatuwaachi peke yao na mbwa hata dakika, hata leo ambapo Bobi ni mtu mzima.

Na mikono iwanawishwe kila mara baada ya mchezo. Watoto wa mbwa wana minyoo, na minyoo hiyo inaingia kwa watoto wetu. Dawa ya minyoo ya mbwa si ghali sana, ulizeni.

Kulikuwa na watu ambao Bobi aliwaogopa kuliko wengine, na ilituchukua muda kuelewa. Watu wa pikipiki wenye kofia ngumu. Watu wenye mwavuli. Na wamama wanaobeba mizigo mgongoni kwa kamba ya kipaji. Kwa macho ya mbwa mdogo, mama aliyeinama chini ya gunia la unga si mtu, ni mnyama mkubwa asiyejulikana. Mmoja wao hupita kwetu kila asubuhi akipanda kutoka ziwani. Tulimwomba radhi kwa kelele za mbwa, naye akasema, "Mimi pia ningejiogopa." Alitua mzigo kwenye ukuta wetu, akakaa kupumzika, tukampa chai. Bobi aliona lile dude linagawanyika: hapa gunia, hapa mama. Alilinusa gunia kwanza. Tangu hapo, chai ya asubuhi ya yule mama imekuwa deni letu, na tunalipa kwa furaha.

Kelele hatutazisema kwa urefu. Mvua juu ya mabati, kinu, jenereta ya jirani, ngoma za kanisa: zote tulimzoesha kwa mbali, akiwa anakula, halafu karibu kidogo. Milio ya usiku ambayo sote tunaijua hatukumzoesha. Hiyo tunaingia wote ndani, yeye kwenye sanduku lake, watoto kwenye kona yao, na hakuna anayemcheka mwingine.

Sasa mbwa wenzake. Hapa mama wa kikapu alisema majirani wamemshauri amfungue mtoto wa mbwa kwenye jalala la sokoni, apigane na wengine, "atakuwa mwanaume." Usifanye hivyo, mama. Kwanza kwa ajili ya ugonjwa: pale jalalani ndipo penye mbwa wasio na mwenyewe na wasio na chanjo, na mtoto wa mbwa anaweza kuokota parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, unaoua kwa siku chache. Pili kwa ajili ya woga: akiumwa mara moja na mbwa mkubwa katika umri huu, ataiweka habari hiyo moyoni miaka yote.

Mtafute mbwa mmoja tu. Mkubwa, mtulivu, mwenye kadi ya chanjo, ambaye mwenyewe mnamjua. Sisi tulimpata jike mzee wa sentineli wa parseli ya juu. Hatukuwakutanisha mlangoni kwetu, wala kwenye kale kanjia kembamba ambako hakuna pa kukwepea. Uso kwa uso kwenye njia nyembamba ni lugha ya vita hata kama wote wawili hawataki vita. Tulikwenda kwenye uwanja wa shule siku ya Mungu mchana, watu wakiwa wamerudi kutoka misa. Sentineli akatembea na wake, sisi na Bobi, upande mmoja, mwelekeo mmoja, tukiwa mbali kama urefu wa nyumba mbili. Kamba zimelegea. Kamba ikikazwa shingoni, mbwa anajua una wasiwasi, naye anauchukua. Tulitembea tu, kama watu wawili waliotoka kwenye mkutano. Siku ile hawakugusana.

Mara ya tatu tukasogea. Yule jike akanusa upande wa nyuma, Bobi akajilaza chali akionyesha tumbo. Tulitaka kukimbia kumwinua. Sentineli akatuzuia: "Mwache, anasema shikamoo." Ukimwinua mbwa mdogo mikononi wakati huo, unamkata neno katikati, na mbwa mkubwa anaweza kurukia juu kufuata. Yule mzee akamaliza kunusa, akageuka akaenda zake. Bobi akainuka, akajitikisa mwili mzima kama aliyetoka majini. Halafu tukaona jambo ambalo hatukuwahi kuliona kwake: akainamisha kifua chini, miguu ya nyuma juu, mkia unacheza. Huo ni mwito wa kucheza, mbwa wote wanaujua. Jike mzee hakuitikia, ana magoti mabaya. Lakini hakumkemea.

Kama mbwa wenu hajamaliza chanjo, mnaweza kumbeba mikononi ama kwenye kikapu, aone dunia bila kukanyaga. Aone mbwa kwa mbali, pikipiki, kuku. Chanjo za watoto wa mbwa zinaanza kama juma la sita hadi la nane, na zinarudiwa kila majuma matatu au manne mpaka juma la kumi na sita. Ile ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hupewa anapofika miezi mitatu, halafu inarudiwa jinsi kadi inavyosema. Tunajua pesa. Ndiyo maana kikundi cha avenyu moja hapa kwetu kimeweka mfuko mdogo pembeni ya likelemba kwa ajili ya chanjo za mbwa, na mganga anakuja siku moja kwa wote. Mwulizeni anayewahudumia kama anakubali hivyo. Mbwa mmoja mwenye chanjo kati ya kumi hawalindi watoto wa avenyu.

Baba za nyumba wana swali lao, tulilisikia kwetu pia: mbwa akizoea watu wote, atalinda nini? Wengine wanampa pilipili ili awe mkali. Pilipili inamuumiza tumbo, basi. Bwana wetu aliamini kwamba mbwa mwoga ni mbwa mkali, mpaka usiku mmoja kabla ya kumzoesha, mtu aliporuka ukuta wa jirani: Bobi alikuwa chini ya kitanda chetu, kimya. Leo ana mwaka na nusu. Mchana anawaangalia wapita njia kama mzee wa baraza. Usiku mtu akigusa lango, anabweka mpaka taa za nyumba nne zinawaka. Anajua sauti za mchana ni zipi, kwa hiyo anajua ipi si ya mchana. Sisi hatutaki zaidi ya hapo.

Jirani mmoja wa kwetu ni Mwislamu na hapendi mbwa amguse nguo kabla ya sala. Kwa ajili yake Bobi anafungwa upande wa nyuma saa ambazo anapita. Hilo halikuhitaji mjadala.

Kuhusu mtoto wa dada yetu: kovu lipo, dogo, kati ya kidole gumba na cha pili. Ilimchukua miezi kadhaa kuingia tena kwetu bila kushika nguo ya mama yake. Hatukumlazimisha naye. Alikaa na koko, akatupa sambaza, mbali.

Na mama wa kikapu? Siku ya posho hatukuwa na jibu refu la kumpa, tulikuwa na hesabu za likelemba. Tulichukua kikapu tukakiweka kwenye kona, nyuma ya mabenchi, tukafunua kitambaa upande mmoja. Tukaomba wote wasikiangalie. Dada mmoja akaweka vipande viwili vya samaki sakafuni, hatua moja kutoka kikapuni, akarudi kukaa. Tukasoma majina, tukahesabu pesa, tukagombana kidogo juu ya waliochelewa kama kawaida. Tulikuwa tumefika jina la kumi na saba wakati mtunza hazina aliponyamaza ghafla, akatuonyesha kwa kidevu. Pua ilikuwa nje. Halafu mguu mmoja. Kipande cha kwanza kikaondoka, na mtunza hazina akaendelea kuhesabu kwa sauti ndogo.